Vibao Vyeusi vya Uani na Mguu wa Kum Tihomir

Mpendwa mshauri wa gazeti, Bibi Stamena, naomba msaada, na kabla sijaomba naomba uniwie radhi kwa mwandiko, shule nilisoma majira manne ya baridi tu, kiangazi nilikuwa nachunga kondoo wa babu, lakini usinidharau kwa hilo maana kutoka Ivanjica mpaka huku juu mlimani Golija hakuna anayejua mawe, miti, farasi na hali ya hewa kunizidi mimi, waulize watu, ijapokuwa wengine watakwambia vingine kwa sababu ya kijicho. Jina langu usilichapishe.

Swali langu ni la uani. Hapa kwetu mvua ikianza mwezi wa kumi haina adabu, mchana inanyesha, usiku maji yanaganda, asubuhi yanayeyuka, jioni yanaganda tena, na mchezo huo unakwenda mpaka kuku wanaanza kutaga, kwa hiyo chochote unachotandaza nje ya mlango kinakula kipigo ambacho hata nyumbu angekimbia. Zege aliyomwaga marehemu baba ilikuwa imeshakuwa uji. Mwaka jana kiangazi nikasema basi, nitatandaza uani mbele ya mlango, pale tunapoweka meza ndefu, na nitautandaza mara moja tu, wajukuu wa wajukuu wangu wasishike koleo. Nikaenda mjini kwa mchonga mawe ya makaburi, maana nilijiuliza, jiwe gani halioni baridi wala mvua, nikajijibu mwenyewe kwamba ni lile la makaburini, jeusi, gumu, limeng'arishwa mpaka unajiona masharubu. Yule kijana akaniangalia.

"Mjomba, hili ni jiwe la watu wasiotembea."

"Mwanangu, mimi nilikuwa natembea juu ya mawe kabla baba yako hajajua kutambaa. Pakia."

Nikavitandaza vibao hamsini na sita vya jiwe hilo kwa mkono wangu huu, na pimamaji, usawa wa meza. Uani ukang'aa, bibi, ng'ombe wa Obrad alipita akajiona humo akasimama dakika tano anajitazama, sikutanii. Obrad ni jirani yangu, mdomo wake haufungwi hata kwa kufuli. Akaja akaegemea uzio.

"Naona, Vukosav, umeshajizika. Bado picha tu na tarehe."

"Wewe ukifa," nikamwambia, "utashukuru ukipewa jiwe baya kuliko hili ninalofutia viatu."

Na dukani nikasema mbele ya watu kwamba uani wangu utakuwepo mpaka Yesu arudi, na akirudi ataanzia kwangu, kwingine kuna matope. Watu walicheka. Nilipenda walivyocheka. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipo, naujua.

Sasa nifike penyewe. Slava ya nyumba yetu, yaani sikukuu ya mtakatifu anayeilinda, ni Mtakatifu Nikola, kumi na tisa Desemba, na slava haialikwi, ukimwalika mtu ni kama unamwambia miaka mingine alikuja kwa kudandia, mtu anakuja mwenyewe kwa kuwa anajua pale ni kwake. Kum wangu Tihomir, aliyenisimamia harusi na ubatizo wa mwanangu, amekuja miaka arobaini na moja bila kukosa. Mwaka mmoja theluji ilifika kiunoni, akaja amefunga mbao mbili za pipa la kabichi miguuni kama skii, na mkate wa slava wa mkewe kifuani umefungwa kwenye shati ili usigande, akaingia akasema, "Mmeshaanza kula au mna adabu?" Huyo ndiye kum wangu.

Mwaka jana siku hiyo ilinyesha usiku kucha na alfajiri ikaganda. Mimi nilitoka kuchukua kuni nikaenda chini kwa makalio, nikainuka haraka nikaangalia kama kuna aliyeona. Aliyeona ni Jelica, mke wangu. Akaenda darini akashusha busati la sufu la mama yake, akalitandika kutoka langoni mpaka mlangoni. Akaingia jikoni kwa samaki wake. Na mimi, bibi, hili sijamwambia padre, nikalikunja lile busati nikalirudisha darini. Lilikuwa linaficha mng'ao. Wageni wanakuja, vibao vyangu vimefunikwa kama maiti, nikaona haiwezekani.

Kum alifika saa sita, amevaa viatu vya kanisani, mkononi chupa ya rakia, pombe kali ya plamu, aliyoniletea. Hatua ya tatu miguu yote miwili ikaenda juu. Mguu ukavunjika chini ya goti, sauti yake tuliisikia ndani tukidhani ni kuni, na chupa ikapasukia kifuani mwake, koti zima linanuka rakia. Watu wakatoka na uma mikononi, kama ishirini hivi. Obrad akafungua mdomo, "Si nilisema hivi vibao..." nami nikamkatiza.

"Vibao havina kosa. Kum ameanza kusherehekea njiani."

Watu wakacheka kidogo, wale wa nyuma ambao hawakuona mguu. Koti linanuka, nani asiamini. Lakini mimi nilijua hakuwa amekunywa hata tone, maana tangu kiangazi daktari alimkataza kwa ajili ya moyo, na aliniambia mimi tu, tukiwa tunakoka moto wa kupikia rakia, akaniambia, "Kum, usimwambie mtu, wataanza kuniinua kwenye viti." Alinitazama pale chini alipolala.

Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu. Mguu umepona, anatembea na fimbo, anafika kinuni kusaga unga, anafika kanisani. Mwezi wa sita Jelica alimkuta kinuni akamuuliza, "Kum, mbona umetutupa?" Akamjibu kwa upole, "Mamaa, pale uani kwenu mimi ni mlevi. Mlevi hafai kwenda slava ya watu." Jelica akarudi akaniuliza kum ana maana gani, nikamwambia uzee.

Basi nimeamua kung'oa uani wote nitandaze mwingine kabla ya Desemba, akisikia vibao vimeondoka huenda akaja. Lakini nitandaze nini? Sitaki kukosea tena, kwa hiyo nikafanya uchunguzi, na huu bibi ungeuona ungeniombea kazi chuo kikuu. Tuna friza kubwa ile ya kulala, nusu nguruwe, nusu pilipili za kuchoma. Nikakusanya kipande kimoja kimoja cha kila kitu ambacho mtu anaweza kutandaza: tofali la kuchoma kutoka zizi la babu, kigae cha jikoni alichoniletea mwanangu, kitofali cha zege, bamba la jiwe la njano linalouzwa barabarani, kibao changu cheusi, na jiwe la kijivu kutoka uwanja wa kupuria ngano. Naviloweka kwenye ndoo kutwa, usiku naviingiza friza kati ya mbavu na pilipili, asubuhi navitoa, naloweka tena. Siku thelathini. Kila asubuhi nilikuwa naamka na hamu kama mtoto anayesubiri mayai yaanguliwe.

Jelica alinyanyua mfuniko siku ya nne.

"Vukosav, mbona nguruwe ana mawe kwenye figo?"

"Ni sayansi."

"Sayansi itoke kwenye mbavu zangu kabla sijaipika."

Matokeo ni haya. Kigae, siku ya tisa sura yake ilitoka yote kama ngozi ya maziwa. Tofali liliacha magamba, kila asubuhi kijiko cha unga mwekundu chini. Lile la njano ndilo lililonishangaza, linaonekana zuri, limelala tabaka tabaka kama pai ya jibini, na siku ya kumi na saba likafunguka katikati kama kitabu. Kitofali cha zege kilivumilia, lakini nilipokinyunyizia chumvi, kama tunavyofanya wote majira ya baridi, kikaanza kuota ukurutu. La kijivu halikubadilika. Na kibao cheusi, bibi, siku thelathini, hakikuguswa hata ukucha, kiling'aa vilevile, kwenye friza niliona masharubu yangu yana barafu.

Sasa ndiyo nimevurugikiwa. Kama cheusi kimeshinda, si ina maana nilichagua sawa? Jiwe ni zuri na mtu amevunjika, kosa liko wapi? Na la kijivu nalo lina balaa lake. Ule uwanja wa kupuria ulijengwa na babu yangu na babu yake kum Tihomir, nusu kwa nusu, farasi walizungukia pale tangu enzi za wafalme, leo ni nyasi tu. Kuchukua mawe yake lazima nimuombe yeye. Na slava haialikwi, kwa hiyo kumwita siwezi. Nikikaa hivi hivi, Desemba meza itakuwa na kiti kimoja kitupu na mimi peke yangu nitajua kwa nini. Nina miaka sabini na tano, yeye sabini na saba na moyo mbovu, sina slava nyingi za kusubiri. Niambie nitandaze nini.

Ni mimi, mwenye uani mweusi, Golija.

*

Mwenye uani mweusi,

Majina nimeyabadilisha yote, hata la ng'ombe lingekuwepo ningelibadilisha, na ugonjwa wa kum pia nimeugeuza, ila umejisifu kiasi kwamba huko kwenu watakutambua tu. Hilo umejitakia.

Nianze na sifa, maana najua utaona kiu usipoipata. Ile kazi ya friza ni nzuri. Marehemu mume wangu alijenga barabara miaka thelathini na hakuwahi kukaa na jiwe siku thelathini namna hiyo. Ila uliliuliza jiwe swali moja ukasahau la pili. Uliliuliza, je, utaivumilia baridi? Hukuliuliza, je, mtu atakuvumilia wewe? Kibao chako kilikujibu ulichouliza, kikakujibu kwa uaminifu. Mtu hakai friza, bwana. Anakuja amevaa soli ya ngozi, mkononi ana chupa, mvua imenyesha. Jiwe la uani linafanyiwa mtihani mara mbili, na wa pili ni rahisi: limwagie maji, vaa viatu vyako vya kanisani, tembea juu yake huku mkeo anakuangalia. Wewe mtihani huo uliufanya alfajiri ile ile. Ulifeli kwa makalio, ukapewa jibu, ukalikunja ukalipeleka darini.

Kwa hiyo usiniulize kosa liko wapi. Hata yule kijana wa makaburi alikwambia.

Sasa mawe. Kigae, tofali laini na lile la njano sahau, umeona mwenyewe. Baridi peke yake haipasui jiwe, yanayolipasua ni maji yaliyoingia ndani yakakosa pa kwenda, na hayo matatu yanakunywa kama mashemeji. Zege ngumu inafaa kwa njia ya kwenda bandani, na chumvi uache kabisa, mwaga majivu ya jiko au mchanga. Vibao vyeusi usivitupe wala usivivunje kwa hasira, ving'oe uvipange ukutani chini ya mapaa uweke kuni juu yake. Kuni hazivai viatu.

Uani utandaze jiwe la kijivu. Limelala nje miaka mia, kama lingekuwa la kuharibika lingekwisha kuharibika babu yako akiwa hai, na farasi wenye vyuma kwatoni walizunguka juu yake bila kuanguka, sasa wewe na wageni wako mna nini cha kuwazidi farasi? Usichukue yote kwa pupa. Gonga kila moja kwa nyundo: linalolia kama kengele chukua, linalojibu kama mlango wa mbao liache hapo hapo. Upande uliokwaruzika na kwato ndio uende juu, usije ukashawishika kuulainisha.

Na kosa lako jingine, ambalo hukuliona kwa sababu ulikuwa unajitazama masharubu: ulitandaza kwa pimamaji, usawa wa meza. Katika mvua ya Golija, bwana, hilo ni kujijengea bwawa la kuteleza. Chimba mpaka shimo lifike katikati ya muundi wa mguu wako. Mwaga kokoto kubwa, shindilia, juu yake kokoto ndogo, shindilia tena, udongo wa mfinyanzi usiutie kabisa. Uani uinamie mbali na mlango, kila hatua moja ushuke vidole viwili. Kati ya jiwe na jiwe jaza changarawe, siyo saruji, maji yapate pa kushukia. Masika na vuli sugua ule ukoga wa kijani kwa brashi ya chuma, hasa upande usiopata jua, maana jiwe liwe zuri vipi, likiota ukoga linakuwa samaki. Meza ikiyumba, tia kabari. Maliza kabla ya Mtakatifu Petka, mwishoni mwa Oktoba, baada ya hapo ardhi imelewa maji na hakuna kinachoshindilika.

Hayo ndiyo mepesi.

Mgeni wako hakuacha kuja kwa sababu ya vibao. Mtu aliyevaa mbao za pipa kwenye theluji ya kiunoni anaogopa utelezi? Mguu wake umeshapona, umeandika mwenyewe. Alilala chini amevunjika, akakusikia wewe, uliyepewa siri yake, unaitumia kuuza sakafu. Unaweza kutandaza uani kwa manyoya ya bata, hatakuja. Na wewe unajua, ndiyo maana barua yako ina mawe kurasa mbili na kum kurasa moja na nusu.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu na usiugeuze. Leo, kabla hujalala, mwambie Jelica habari ya busati. Amekaa miezi tisa akijiuliza nani aliliondoa. Jumapili, baada ya ibada, watu wakisimama mbele ya duka kama mnavyosimama, sema. Uongo uliusema mbele ya watu ishirini, ukweli usiupeleke kwa mlango wa nyuma, na usidhani gazeti limekusemea. Sema hivi: kum Tihomir hakuwa amekunywa, nilijua, na busati niliondoa mimi. Basi. Habari ya moyo wake usiiguse, hiyo ni yake. Usianze na ya ng'ombe aliyejiona kwenye jiwe. Usiwachekeshe. Utahisi kimya kimekaa vibaya na ulimi utawasha, uache uwashe. Obrad atasema lake, mwache aseme, zamu hii ana haki.

Kisha nenda nyumbani. Siku mbili tatu baadaye, neno likiwa limeshamfikia bila wewe kulibeba, nenda kwake mchana, gonga mlango, omba msamaha kwanza, na mawe baadaye kabisa. Kumwalika slava hairuhusiwi, lakini kumuomba mtu mawe ya babu yake hakuna mtakatifu aliyekataza. Akikubali, muombe aje uwanjani achague yeye, akae kwenye gogo aelekeze kwa fimbo, wewe ubebe. Usimpinge hata kwa jiwe moja. Najua itakuuma.

Akikataa, amekataa. Mawe ni nusu yake, hasira ni yake yote. Hapo nunua zege ngumu, itandaze kwa mteremko niliokwambia, maana wageni wengine nao wana miguu, na ukweli uliousema dukani haukuwa wa kununulia mawe. Utaishi na kiti kitupu kama watu wengine wanavyoishi na vyao.

Desemba ikifika usimtume mtu kuchungulia barabarani. Kaanga samaki, oka maharage, washa mshumaa wa mtakatifu wako. Na lango likilia, ukaona ni yeye anaingia uani na fimbo yake, usimwangalie miguu. Mwangalie usoni, umkaribishe.

Bibi Stamena